Usitupe Matofali Yaliyovunjika: Yatakufaa kwa Sakafu ya Zizi

Mkulima anayefuga ng'ombe wa maziwa hana haja ya kuelezwa ubaya wa matope. Mvua ndefu ikinyesha majuma mawili, zizi lisilo na sakafu hugeuka dimbwi la mavi na mkojo. Ng'ombe husimama humo mchana, na usiku hulala humo humo. Kwato zake hulainika na kuoza, kiwele chake huchafuka, na ugonjwa wa kiwele ukiingia, maziwa hupungua au hukataliwa yanapopelekwa kuuzwa. Dawa yake inajulikana na kila mtu: ni sakafu ya zege, ambalo wengi wetu huliita konkriti.

Linalowazuia wakulima wengi si uvivu, bali ni gharama. Ukishanunua simiti, bado wahitaji mchanga, na kokoto ambazo wenye malori huziita balasti, na tena wahitaji nauli ya lori mpaka shambani, ambako pengine barabara haipitiki wakati wa mvua.

Lakini tazama vizuri kando ya nyumba yako. Katika skimu nyingi za makazi hapakosi rundo la matofali yaliyovunjika tanuruni, au vigae vya paa la zamani, au sakafu iliyobomolewa ya nyumba iliyoachwa na mwenye shamba wa kwanza. Vitu hivi watu huviita takataka. Makala haya yataeleza ni takataka zipi zaweza kushika mahali pa kokoto, ni zipi zisizofaa kabisa, na namna ya kuifanya kazi ili sakafu isipasuke.

ZEGE NI KITU GANI?

Mtu asiyejua jinsi zege linavyoshikana hawezi kujua kwa nini sakafu yake imeharibika. Basi tuanze hapo.

Chukua debe ulijaze magunzi ya mahindi. Umelijaza, lakini ndani yake kuna nafasi nyingi. Mimina maharagwe juu yake, nayo yataingia katika nafasi zile. Kisha mimina unga, nao utaingia katika nafasi ndogo zilizobaki kati ya maharagwe. Zege ni vivyo hivyo. Kokoto ni magunzi, mchanga ni maharagwe, na simiti iliyochanganywa na maji ndiyo unga. Kokoto na mchanga pamoja ni kama robo tatu ya zege zima. Kazi yao ni kujaza mahali na kubeba uzito. Kazi ya simiti na maji ni kuvigandisha vyote viwe jiwe moja.

Jambo la pili ni hili. Watu husema simiti "imekauka", lakini simiti haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji. Chembe za simiti huungana na maji na kuwa kitu kingine kigumu, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi. Simiti ikinyang'anywa maji yake mapema, itabaki unga uliokauka, na ng'ombe wataikwangua kwa kwato zao. Ukilishika neno hili moja, maagizo yote yaliyo hapa chini utayaelewa bila shida.

JAMBO HILI SI GENI

Pengine utasema hii ni njia ya watu wasio na fedha. Sivyo. Warumi wa zamani walitia matofali na vigae vilivyopondwa katika chokaa yao, na sehemu za kazi zao zipo mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, miji ya Ujerumani ilikuwa imejaa vifusi vya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Wajerumani walivisaga vifusi hivyo, na kufikia mwisho wa mwaka 1955 katika Ujerumani ya Magharibi walikuwa wamepata kokoto za matofali kiasi cha mita za ujazo milioni 11.5, na kwa kokoto hizo zilijengwa nyumba za kukaa watu zipatazo 175,000.

Huko Bangladesh, ambako sehemu kubwa ya nchi ni tope lililoletwa na mito mikubwa ya Ganges na Brahmaputra, mawe ni haba. Watu wa huko huchoma matofali na kuyavunja makusudi ili wapate kokoto za kujengea. Ikiwa wao huvunja matofali mazima, kwa nini sisi tutupe yale yaliyokwisha kuvunjika?

TAKATAKA ZINAZOFAA

Matofali ya kuchoma. Chagua yaliyoiva vizuri. Gonga vipande viwili: vikilia kama chuma, vinafaa, vikitoa sauti nzito kama udongo, uvitupe. Kisha jaribu tena kwa kuloweka vipande vichache usiku kucha. Asubuhi visugue kwa mkono. Vikibaki vigumu na maji hayakugeuka tope, matofali yale yaliiva. Yale yaliyoungua sana mpaka yakapinda, ambayo fundi huyakataa kwa ukuta, mara nyingi ndiyo magumu kuliko yote.

Vigae vya paa vilivyochomwa. Hivi hufaa kama matofali, lakini ni vyembamba. Vivunje viwe vidogo ili visilale kama sahani ndani ya zege.

Zege la zamani. Sakafu iliyobomolewa au msingi wa nyumba ya kale ukivunjwa hutoa kokoto nzuri. Toa udongo, mbao, misumari na plasta. Kokoto hizi zina mabaki ya simiti ya zamani yaliyozishika, nayo hunywa maji kuliko jiwe jipya. Watafiti wa nchi nyingi wameona ya kuwa kuweka kokoto za zege la zamani mahali pa kiasi cha robo ya kokoto mpya hakupunguzi sana nguvu ya zege. Ukizidisha, nguvu hupungua kidogo kidogo.

Vumbi la mawe kutoka machimboni. Hili laweza kushika mahali pa sehemu ya mchanga, maadamu halina udongo. Lakini vumbi la matofali yako usilitumie mahali pa mchanga, kwa maana hunywa maji mengi mno.

TAKATAKA ZA KUKATAA

Hapa nakuomba usome pole pole, kwa kuwa kosa moja laweza kuharibu kazi yote, na pengine afya ya watu wa nyumbani kwako.

Vifusi vya josho la zamani. Usivitumie hata kidogo. Majosho mengi ya zamani yalitiwa dawa ya kupe yenye aseniki, na baadaye dawa nyingine kali. Sumu ya aseniki haiozi wala haiishi kwa kupigwa na jua. Ukivunja kuta za josho lile utavuta vumbi lenye sumu, na ukilitandika zizini utawalaza ng'ombe juu yake.

Mabati ya asbesto. Yale mabati ya kijivu yanayofanana na simiti, yaliyoezekwa katika nyumba nyingi za zamani, yana nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni huleta maradhi ya mapafu na saratani, pengine baada ya miaka mingi. Usiyavunje, usiyasage, wala usiyakate. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA.

Vipande vya chupa. Kioo kikikaa katika simiti kwenye unyevu hupigana na chumvi kali zilizomo ndani ya simiti. Hutokea kitu kama utomvu ambacho huvimba, na baada ya muda zege hupasuka. Tena vipande vikitokeza juu ya sakafu vitakata kwato.

Plasta ya jasi na mbao za dari zilizotengenezwa kwa jasi. Jasi nyingi ikichanganyika na simiti huifanya ivimbe na kupasuka.

Mikebe na vipande vya alumini. Simiti mbichi hula alumini na kutoa hewa, na hewa hiyo huacha matundu ndani ya zege.

Plastiki. Simiti haishikani nayo. Kila kipande cha plastiki ndani ya zege ni kama tundu.

Majivu ya jikoni. Wengine wamesikia ya kuwa majivu ya maganda ya mpunga au ya masazo ya miwa huchanganywa na simiti. Ni kweli, lakini majivu hayo huchomwa kwa moto uliopimwa, kisha husagwa laini na kupimwa. Majivu ya mafiga si kitu kile kile. Tena simiti nyingi ya madukani kwetu tayari imetiwa unga wa mawe ya volkeno kiwandani. Usiongeze kitu.

Na jambo moja zaidi ambalo si takataka lakini hupatikana katika kila boma la ng'ombe: molasi. Sukari kidogo tu huzuia simiti isigande. Debe lililobeba molasi lioshwe vizuri kabla ya kuchotea maji ya kazi hii. Vivyo hivyo debe la mbolea ya chumvi chumvi.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Kuvunja. Nyunyizia rundo maji kwanza ili vumbi lisiruke, kwani vumbi la matofali na zege hudhuru mapafu. Funga kitambaa puani na ulinde macho. Kazi hii si ya watoto. Vunja mpaka vipande vipite katika wavu wenye matundu ya inchi moja. Kanuni ni kwamba kipande kikubwa kisizidi robo ya unene wa sakafu. Na sakafu yetu itakuwa ya sentimita 10.

2. Kuchekecha. Tikisa vipande juu ya wavu mwembamba, kama ule wa kuanikia kahawa, ili vumbi na chenga zianguke. Chenga hizo zitandaze njiani penye utelezi.

3. Kuloweka. Hili ndilo jambo wanaloliruka wengi, nalo ndilo linaloharibu kazi yao. Kipande cha tofali kikavu chaweza kunywa maji zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ukikitia kikavu katika zege, kitanyonya maji yaliyokuwa ya simiti, na tumekwisha kuona ya kuwa simiti bila maji haigandi. Kwa hiyo loweka vipande vyote usiku kucha. Asubuhi vitoe, vichuruzike, uvitumie vikiwa na unyevu lakini havidondoki maji.

4. Kutayarisha chini. Ondoa udongo mweusi mpaka ufikie udongo mgumu. Jaza mawe na vifusi visafi vilivyo vikubwa, unene wa sentimita 15, kisha shindilia sana. Hapa ndipo mahali bora pa vifusi, kwa kuwa havihitaji simiti. Matofali yasiyotosha ugumu wa kuingia katika zege, maadamu hayayeyuki majini, yatumie hapa. Nyunyizia maji kabla ya kumwaga zege juu yake.

5. Kupima. Tumia debe moja kwa vitu vyote, usipime kwa macho wala kwa beleshi. Mfuko wa simiti wa kilo 50 ni kama madebe 2 ya galani 4. Kwa kila mfuko tia mchanga msafi madebe 4, kokoto za mawe madebe 4, na vipande vya matofali madebe 4. Nusu kwa nusu hivi, sakafu hupata faida ya vifusi, na kokoto za mawe huisaidia isiliwe upesi na kwato.

6. Kuchanganya. Changanya simiti na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto na matofali, kisha maji pole pole. Lita 25 kwa mfuko zatosha, na zisipite 30. Zege likifanana na uji ni rahisi kumwaga, lakini maji yaliyozidi yatakauka na kuacha matundu. Shika konzi moja uikamue: ikibaki donge bila kudondosha maji mengi, iko sawa.

7. Kumwaga na kusawazisha. Fanya mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea shimo la mkojo. Shindilia kwa ubao mpaka simiti ipande juu na kufunika vipande vyote. Kabla halijashika, pitisha ufagio mgumu juu yake ili liwe na mikwaruzo. Sakafu laini kama kioo huvunja miguu ya ng'ombe.

8. Kulea. Funika kwa magunia au majani na uyanyeshe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili. Ng'ombe wasikanyage kabla ya siku 14, na ukiweza kungoja siku 28 ni vizuri zaidi, maana hapo ndipo zege hupata sehemu kubwa ya nguvu zake.

TUFANYE HESABU

Tuseme wataka sakafu ya mita 3 kwa mita 4, unene sentimita 10. Utahitaji mifuko 8 ya simiti, mchanga madebe 32, na kokoto madebe 64. Chini yake, ule unene wa sentimita 15 utakula madebe 100 na zaidi, kwa kuwa mawe hushuka yakishindiliwa.

Ukinunua vyote, mawe na kokoto peke yake ni kama mita 3 za ujazo. Ukitumia vifusi kama tulivyoeleza, utanunua kokoto madebe 32 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo, ambayo yaweza kuletwa kwa mkokoteni wa punda. Nenda kwa mwenye lori uulize bei ya siku hizi, ufanye hesabu yako mwenyewe. Usisahau kuhesabu siku za kuvunja. Mtu akikudai ujira mkubwa kuliko bei ya kokoto, basi hujapata faida.

Na angalia sana jambo hili: vifusi havipunguzi simiti. Mifuko ni 8, utumie mawe au matofali. Anayesema, "Nimeokoa kokoto, basi nitaokoa na simiti," atajenga sakafu mara mbili. Vile vile matofali yakiwa dhaifu, usijaribu kuyatibu kwa kuongeza simiti, kwa maana simiti ndiyo ghali kuliko vyote. Tafuta matofali mengine.

Kama una shaka na vifusi vyako, jaribu kwanza. Chukua mikebe miwili ya mafuta ya kupikia. Mmoja ujaze zege la mawe matupu, na mwingine zege la nusu kwa nusu. Ilee yote miwili kwa maji siku 7, kisha itoe na kuipiga kwa nyundo. Mkono wako utakuambia tofauti yake.

MAHALI PASIPOFAA

Zege la vifusi ni la kulala chini: sakafu ya zizi, ya ghala, ya banda la kuku, njia ya kupita, na mahali pa kuwekea pipa la maji. Likilala chini, hata likipata ufa, ardhi hulishika.

Lakini zege linaloning'inia ni jambo jingine. Usitumie vifusi kwa kifuniko cha shimo la choo, wala kifuniko cha kisima, wala boriti ya juu ya mlango, wala nguzo, wala tangi la maji. Kifuniko cha choo kikivunjika, anayeanguka ni mtoto wako. Kazi hizo zinataka kokoto za mawe, vyuma vilivyopangwa na fundi anayejua, na nyumba ya orofa yataka mhandisi. Hakuna akiba ya fedha inayolipa uhai wa mtu.

Pia pale unaposhindilia majani ya akiba ya mifugo, maji machungu yanayotoka humo hula simiti. Hapo usitumie mchanganyiko huu.

KUNA FAIDA KUBWA ZAIDI

Tumesema habari za mfuko wako, lakini kuna jambo linalotuhusu sote. Mchanga na mawe ya kujengea hutoka mahali fulani. Wakulima wa Ukambani wanajua habari hii kuliko sisi. Mchanga ulioko mtoni huhifadhi maji chini yake wakati wa kiangazi, na ukichotwa wote, mto hubaki mwamba mtupu na visima vya kando yake hukauka. Ndiyo sababu Kaunti ya Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kulinda mchanga wake. Kila debe la vifusi linaloingia katika sakafu yako ni debe moja lisilochimbwa kwa mtu mwingine.

Basi, kabla mvua hazijaanza, zunguka boma lako ukague. Tenga rundo la matofali magumu, rundo la zege la zamani, na rundo la kujazia chini. Vitu vya kukataa viweke mbali na watoto. Kisha mwone afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yako, umwonyeshe mahali unapotaka kujenga, akusaidie kupima mteremko na ukubwa wa zizi kwa hesabu ya ng'ombe wako. Wenye kuishi jirani waweza kusaidiana: wiki hii kwako, wiki ijayo kwake, kama tunavyofanya wakati wa kupalilia. Mvua itakapokuja, ng'ombe wako watalala pakavu.